Pedali ya Pili

Mtaa mzima unamwita mume wangu Breki, na kabla hujacheka nikueleze. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari la kufundishia lina pedali ya breki kwa dereva kama magari mengine, halafu lina ya pili miguuni pa mwalimu, ili mwanafunzi akitaka kuua mtu, mwalimu awahi kukanyaga. Yeye alikaa upande huo wa gari tangu ujana mpaka mvi. Mguu wake wa kulia ukasahau kabisa kutulia. Tukitazama televisheni, mtoto akakimbilia barabarani, anakanyaga sakafu. Nikimimina chai, kikombe kikikaribia kujaa, anakanyaga. Zulia letu limetoboka mahali pamoja tu, mbele ya kiti chake, na wageni wanadhani tuna panya.

Alipostaafu nikasema haya, sasa na mimi nitapumzika. Thubutu! Mwanamume akahamia jikoni. Maziwa hayajapanda, keshazima jiko. Nikishika kisu, "Taratibu, mke wangu." Nikipanda kwenye kiti kubadilisha balbu, ameshika kiti, ameshika gauni, ameshika na kifundo cha mguu wangu. Watoto wetu wakipiga simu kutujulia hali, anawauliza kama wamefunga milango na kama wamekula. Watu wazima hao, wana wake na waume zao! Asubuhi anatoka uani, anafungua boneti ya lile gari kuukuu la kufundishia, aliloachiwa na shule ya udereva waliponunua mapya. Anaifunga. Anaingia ndani, anatoka tena, anaifungua. Nilichoka mpaka nikawa naoga mara mbili kwa siku, ili tu nijifungie bafuni.

Basi nikasikia kwamba sekondari ya jirani inatafuta watu wazima wa kujitolea. Kila mmoja anapewa mwanafunzi mmoja wa kukaa naye kila Jumatano mchana. Si kumfundisha masomo, ni kumsikiliza na kumpa moyo, mtoto ajue yupo mtu anayemuuliza habari zake. Waliwaita walezi. Sikushauriana na mtu. Nilimpigia pasi shati, nikampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kama wanavyopelekwa watoto wa chekechea.

Alitupokea mwalimu wa malezi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Alituambia sheria yao kubwa ni moja. "Usiseme uongo kwa ajili ya mtoto, mzee wangu. Ukijua jambo lake, niletee lilivyo, tutalitafutia njia. Mlezi akitudanganya tunaagana naye siku hiyo hiyo."

"Hilo halina shida," akasema Breki. Mguu ukakanyaga.

Alipewa binti wa kidato cha tatu. Mrefu, mkimya, sare yake imefuliwa mpaka imepauka. Alikuwa akikosa vipindi vya asubuhi mara kwa mara na hasemi kwa nini, ukimuuliza anatazama viatu. Walimu walishaanza kumwita mtoro, na mtoro katika shule ile alikuwa anafutwa kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Wazazi wake walishafariki. Alikuwa akiishi na mama yake mkubwa, mwenye kiduka cha sabuni na vitu vidogo vidogo.

Jumatano ya kwanza Breki alirudi amenuna. "Hasemi," aliniambia. "Wametuweka kwenye viti viwili tunatazamana kama tunadaiana. Mimi namwuliza, yeye kimya. Mimi mwenyewe siwezi kuongea na mtu nikimtazama usoni, utafikiri hujui."

Kweli nilijua. Mume wangu alinitongoza akiwa anatazama kioo cha mbele cha gari. Maneno yake yote ya maana kwangu ameyasema akinipa ubavu.

Wiki iliyofuata akaenda na gari. Mwalimu wa malezi alikubali, ila kwa masharti yake: gari liegeshwe mbele ya dirisha la ofisi, milango yote ibaki wazi, injini izimwe na funguo ziwe mezani kwake. Binti akakaa kwenye usukani, Breki upande wake wa siku zote, wote wawili wanatazama ukuta wa ofisi.

"Dereva," akamwambia, "mbele kuna nini?"

"Ukuta."

"Ukuta gani? Kuna njia panda, na yule mama mwenye kikapu anataka kuvuka. Punguza mwendo."

Binti akacheka. Breki alinisimulia kicheko hicho siku nzima, na tangu hapo nyumbani kwetu jina la binti likawa Dereva. Wakawa wanasafiri kila Jumatano bila gari kusogea. Na kwa sababu hakuna aliyemtazama usoni, mtoto akaanza kusema.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama mkubwa alikuwa na kisukari, na macho yalikuwa yanamfifia, hawezi tena kusoma alama za bomba la sindano. Kila asubuhi Dereva alimpimia dawa, akamchoma, akamsubiri ale, akafungua duka, halafu akangoja mtoto wa jirani aje kukaa naye. Mtoto wa jirani akichelewa, na Dereva anachelewa. Asipokuja, Dereva haendi shule. Na hakutaka mtu ajue, kwa sababu wajomba walishasema mama huyo akizidiwa watamchukua wampeleke mbali, na yeye atatafutiwa nyumba nyingine ya kulelewa. Mama mkubwa ndiye mtu pekee aliyebaki naye duniani.

Jioni hiyo Breki hakula. Alizunguka meza mpaka nikasikia kizunguzungu mimi niliyekaa.

"Kamwambie mwalimu wa malezi," nikamwambia.

"Nitamwambia."

Sikuuliza tena. Hapo nilizembea, maana mwanamume huyu namjua.

Likapita kama juma moja hivi. Jumamosi Dereva akaja nyumbani, ametumwa na mama yake mkubwa kutusalimia na kutushukuru. Breki alikuwa ametoka. Mtoto hakukubali kukaa sebuleni, akanifuata jikoni, akachukua vikombe akaanza kuosha bila kuambiwa. Nikampenda palepale.

"Mama," akasema, mikono iko kwenye povu, "Mwalimu anakanyaga."

"Anakanyaga nini tena?"

"Breki. Tukiwa kwenye gari naweka mguu kwenye pedali yangu tunajifanya tunakwenda. Akisema simama, pedali inashuka kabla sijaikanyaga. Zimeunganishwa, yake na yangu. Gari likiwa limezimwa unaisikia vizuri. Likiwa linatembea nadhani huwezi kujua. Utafikiri umesimama wewe."

Kikombe nilichokuwa nakifuta kikanitoka.

Maana mimi pia ni mwanafunzi wa Breki. Ndivyo tulivyokutana. Nilikuwa hodari, jamani! Nilikuwa nasimamisha gari laini kabisa, penye mstari, mpaka naona wenzangu wajinga. Mkaguzi siku ya mtihani alinizungusha uwanja mtupu kwa mwendo wa jongoo, nikapata leseni. Wiki hiyo hiyo nikaazima gari la kaka yangu, peke yangu, kifua mbele. Nilipofika kona ya nyumbani nikapitiliza, nikaingia na geti la jirani. Geti chini, taa za gari chini, jirani anatoka bafuni na povu kichwani anauliza vita imeanzia wapi. Kaka yangu mpaka leo ananiita Geti. Sikuendesha tena. Nilijiambia mimi ni mzito, kuna watu wameumbwa hivyo, na nikaishi na maneno hayo mpaka nikazeeka nayo. Leseni nilikuwa naihuisha kila inapokwisha, kwa ukaidi tu.

Breki aliporudi, Dereva alikuwa ameshaondoka. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ulikuwa unanikanyagia?"

Alielewa mara moja. Akakaa. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mke wangu..."

"Kiasi gani?"

"Kila mara," akasema. "Nilikuwa nakuogopea."

Nililia kwa hasira, sikuficha. "Kwa hiyo hukunifundisha kusimama! Ulisimama wewe, mimi nikashangilia kama zuzu! Ukakaa ukasikiliza wakinicheka kwenye kila sherehe ya ukoo, unakula pilau yako kimya. Kweli wewe ni binadamu?"

Mguu wake ulikuwa unakanyaga, unakanyaga, pale pale penye tundu la zulia. Nikauangalia mguu ule, na ghafla wazo likanijia nikaacha kulia.

"Na huyu mtoto," nikamwuliza, "umemkanyagia nini?"

Akatazama dirisha. Nikajua kuna jambo, maana alikuwa anajiandaa kusema la maana.

"Mwalimu wa malezi aliniuliza kuhusu asubuhi anazokosa. Nikamwambia ana kifua. Kwamba kinambana kukiwa na baridi."

"Mungu wangu."

"Uongo mdogo tu! Wamemwelewa, wamemwacha. Ningesema ukweli wangemtenganisha na mama yake mkubwa. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwuliza yeye mwenyewe anataka kusema nini!"

Aliniahidi kwamba Jumatano atamweleza mwalimu wa malezi kila kitu. Lakini shule nayo ilikuwa na huruma zake. Mtoto ana kifua, basi mkuu wa shule akataka cheti cha zahanati ili asamehewe asubuhi. Wakampigia simu mama mkubwa. Mama wa watu akasema kifua gani, mtoto wangu ni mzima kama chuma. Jumanne simu ikaja kwetu: kamati ya nidhamu inakaa kesho, binti aje ajieleze, na mlezi wake awepo.

Usiku huo sikumsemesha. Asubuhi nikamkuta amevaa kitambo, anazunguka gari.

"Nitaongea mimi," akasema. "Nimeshapanga. Nitasema kifua kimeanza juzi, mama mkubwa hajakiona kwa sababu ya macho."

"Kifua kinaonekana kwa macho? Hutaongea. Ataongea mtoto."

"Atakwama! Unamjua akikwama."

"Akwame."

"Watamfukuza, unaelewa? Watamfukuza!"

Sauti yake ilipasuka pale. Nilimwonea huruma, hasira na huruma pamoja, nikachukua mkoba wangu. Hakunialika, wala sikuomba ruhusa.

Dereva alikuwa kwenye benchi la korido. Amesuka nywele upya, kola imepigwa pasi. Breki akainama sikioni mwake nikasikia kila neno. "Sema kifua. Sema kinakubana asubuhi. Hayo tu, mengine niachie." Mtoto alitazama viatu vyake. Nilitaka kumvuta mume wangu kwa sikio, lakini mlango ukafunguliwa tukaitwa.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, feni inazunguka bila kupoza kitu. Upande ule walikaa watatu: mkuu wa shule, mwalimu wa malezi, na mwenyekiti wa kamati ambaye ni mzazi, fundi viatu mwenye vidole vyeusi vya rangi. Upande huu tukakaa sisi, mtoto katikati. Kupitia dirisha niliona gari letu limeegeshwa palepale pa kila Jumatano.

Mkuu hakuwa mkali. Pengine angekuwa mkali ingekuwa rahisi. "Binti," akasema, "tunataka kukuelewa. Asubuhi unakuwa wapi?"

Dereva akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Feni ikazunguka. Mkuu akasubiri. Mtoto alikuwa ameshika kona ya meza. Chini ya meza nikasikia kisigino cha mume wangu kinagonga sakafu. Nikamwekea mkono gotini, nikalibana kwa nguvu zangu zote.

"Kama huna la kusema," akasema mwenyekiti polepole, "tutaandika kwamba huna."

Breki akasimama. Mkono wangu ukateleza. "Mheshimiwa, huyu mtoto kifua chake..."

"Mwalimu," akasema Dereva. "Toa mguu."

Mkuu wa shule aliinama kuchungulia chini ya meza. Mwenyekiti naye akainama. Hawakuona cha ajabu, miguu tu. Mume wangu alibaki amesimama, mdomo wazi. Alimtazama mtoto usoni, moja kwa moja, yeye asiyeweza kutazama watu. Halafu akakaa taratibu, akaivuta miguu yote miwili akaificha chini ya kiti.

Dereva aligeuza kiti chake kikaelekea dirishani, ubavu kwa wakubwa wale, akitazama gari. Nilidhani watamkaripia. Mwalimu wa malezi akainua kidole kuwazuia wenzake.

"Sina kifua," akasema. "Mama yangu mkubwa haoni alama za sindano. Asubuhi nampimia dawa, namchoma, nangoja ale. Mtoto wa jirani asipokuja kukaa naye siwezi kuondoka. Naogopa akianguka yuko peke yake." Akaendelea kutazama gari. "Sikusema kwa sababu watamchukua. Mkiniambia nichague, nitabaki na yeye. Lakini sitaki kuchagua. Nataka na mtihani."

Kisha akaongeza, "Mwalimu alisema kifua kwa sababu aliniogopea. Sikumtuma. Ila sikumkataza."

Mtoto wa watu kasimama mwenyewe, penye mstari.

Walitutoa nje, wakaongea, wakaturudisha. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba Breki alikuwa ametembea korido yote na kuimaliza. Uamuzi aliusema mwenyekiti. Binti abaki shuleni. Kwa sasa ataruhusiwa kuingia kipindi cha pili, na cha kwanza atafidia mchana. Mwalimu wa malezi ataongea na muuguzi wa zahanati aone kama anaweza kupita asubuhi kwa mama mkubwa, na wajomba hawataambiwa lolote na shule. Mtihani atafanya.

Breki alipiga makofi. Peke yake. Akashtuka, akaacha.

"Na wewe mzee wangu," akasema mwalimu wa malezi. Alikuwa amevua miwani. "Tungejua mwanzoni, mtoto huyu asingekaa kwenye kiti hiki leo. Nilikwambia sheria yetu."

"Uliniambia."

"Nasikitika sana, lakini leo tunaagana."

Mume wangu akafungua beji ya walezi kifuani. Pini ilikuwa imekaza, vidole havimtii, mwisho nikamsaidia. Akaiweka mezani. Alimgeukia Dereva akitaka kusema kitu, na mtoto naye alikuwa ameinua uso. Lakini kengele ikalia, na mkuu akasema, "Binti, kipindi." Dereva alimshika Breki mkono kwa mikono miwili, kwa heshima, akauinamia. Mkono ukaachwa, mtoto akatoka.

Tulisimama kwenye ngazi tukimwangalia anavuka uwanja. Hakukimbia wala hakuburuta miguu. Akaingia darasani.

"Hata hakugeuka," akasema Breki.

"Angegeuka angejikwaa."

"Jumatano nitafanya nini, mke wangu?" aliniuliza kama mtoto. Nilikuwa bado nina kinyongo naye kwa ile miaka yote, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia mbele ya shule nzima. Mambo haya hayaji moja moja.

Nikanyoosha mkono. "Lete funguo."

"Za nini?"

"Lete."

Akazitoa. Nilikwenda upande wa usukani nikakaa, nikavuta kiti mbele. Yeye akafungua mlango wa upande wake wa siku zote.

"Huko hapana," nikamwambia. "Kaa nyuma."

"Nyuma?"

"Nyuma hakuna pedali."

Alikaa nyuma, magoti yamebanwa, mikono imeshika kiti changu. Nikawasha. Gari likaruka kidogo, likazima. Nikawasha tena. Mlinzi wa geti alitufungulia huku anarudi nyuma hatua kadhaa, ana akili huyo. Tukatoka barabarani. Jasho linanitiririka mgongoni, vidole vimekauka kwenye usukani, na kila kitu kinakuja upesi: baiskeli, mkokoteni wa maji, mwanamke na ndoo. Nyuma yangu mtu hapumui.

Tukafika njia panda. Lori lilikuwa linakuja kutoka kulia, kubwa, haliangalii mtu. Nikasikia mguu wa mume wangu unapiga mgongo wa kiti changu, dhu! dhu! mpaka mbavuni.

"Toa mguu!" nikapiga kelele.

Ukatoka.

Nikakanyaga. Gari likasimama. Lori likapita mbele yetu na vumbi lake lote, na sisi tupo, wazima, nyuma ya mstari.

Halafu nikamsikia anauliza, sauti ndogo kabisa, "Umesimama wewe?"

"Nimesimama mimi."

Akaanza kulia huko nyuma, kwa kwikwi, mzee mzima. Sikugeuka. Gari la nyuma yetu likapiga honi, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaondoa gari.